Maji Yaliyostawisha Miche

4 Februari

Mdogo wangu,

Naomba barua hii ikukute umetoka zamu salama, na wifi na Chiriku wawe wazima. Sisi huku tunaendelea. Magoti ya Mama bado yanamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja. Jana mwenye nyumba alikuja kuulizia nani anatupa maganda kwenye mfereji, Mama akamwambia, "Mimi sina meno ya kumenyea kitu, kaulize wenye meno." Mwenye nyumba akaondoka anacheka.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni kazi gani. Tunaotesha migomba kwenye chupa. Tunachukua kijicho kidogo cha mgomba, yaani chipukizi lake, tunakikata kwa kisu kilichopitishwa motoni na kukiweka kwenye chupa yenye ute mfano wa uji ulioganda. Ndani ya uji huo kuna maji, sukari na chumvi mbalimbali. Mpishi wa uji ni mimi. Mama anaiita miche hiyo "wajukuu wa chupa", na kila nikirudi ananiuliza kama wamekula.

Tangu mwaka uanze Daktari, yaani mtafiti wetu, anajaribu chumvi za metali adimu, lanthani na seri. Kwa macho huwezi kuzitofautisha na chumvi ya mezani. Tukitia kidogo sana, mizizi inatoka mapema na inakuwa minene, myeupe. Tukizidisha, mche unadumaa. Anataka kujua mpaka uko wapi kati ya hayo mawili.

Nakuandikia haya kwa sababu Daktari alisema chumvi hizo hutoka kwenye mchanga mweusi, nikakumbuka mchanga mnaouosha hapo kiwandani. Ndio huo?

Wifi mimba yake imefika mwezi wa ngapi? Mama anataka kuanza kufuma kofia.

Dada yako

*

19 Februari

Dada,

Barua imefika. Chiriku ameisoma mwenyewe kwa sauti hadi kwenye "maganda", akacheka akashindwa kuendelea. Mwambie Mama mjukuu wake asiye wa chupa anamsalimu. Wifi yako yuko mwezi wa tatu. Kichefuchefu kimeisha, kilichobaki ni kuchoka.

Ndio huo mchanga. Mimi niko sehemu ya kukaushia. Maji yakishachujwa yanamwagwa kwenye masinia marefu ya bati, yanakauka, na mimi nakwangua kile cheupe kinachobaki. Miaka yote hii nilijua chumvi hiyo inakwenda kwenye mitambo ya redio huko ng'ambo. Sikujua kuna mtu anailisha migomba!

Sasa Dada, nina jambo. Maji ya kuoshea mchanga yakishatumika yanaenda kwenye bwawa nyuma ya ukuta. Kisima cha nyumba zetu za wafanyakazi kiko chini ya bwawa hilo. Tangu mwezi uliopita watu wameacha kukinywa. Aliyewaambia waache ni Mkunga, mama mmoja anayekaa nyumba ya mwisho. Wanawake wawili wa mstari wetu waliharibikiwa mimba kwa kufuatana, akasimama kisimani akasema hatoi mkono wake kwa mja mzito anayekunywa pale. Kiwanda kinasema maji hayana neno. Mkunga akiulizwa ushahidi anasema, "Ushahidi niliuzika mimi mwenyewe."

Kwa hiyo tunateka kwenye chemchemi ya ng'ambo ya kilima. Wifi yako anapanda kile kilima na ndoo kichwani na mtoto tumboni. Zamu yangu inaanza kabla hapajapambazuka, siwezi kumsaidia. Juzi aliteleza, akaanguka chini kwa makalio. Ndoo ilimwagika yote, akarudi kuteka upya. Hakuniambia. Ameniambia Chiriku.

Nimempa dereva wa lori dumu dogo la maji ya kisima akuletee. Wewe unajua chumvi hizi. Wapikie miche yako uji wa maji haya, tuone wakifa au wakiishi. Mche haudanganyi, hauli mshahara wa kiwanda wala haumwogopi Mkunga.

Nangoja.

Mdogo wako

*

30 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Kofia ya kwanza imekwisha, ni ya njano, na ni kubwa mno. Nimemwambia kichwa cha kuingia humo kitakuwa cha mtu anayenyoa ndevu. Amesema wanaume wa ukoo wetu wote wana vichwa vikubwa, haba ni kilichomo. Hapo umesalimiwa.

Dumu lilifika salama. Nilimwomba Daktari ruhusa, akaniachia kona ya rafu. Nilipika uji wa aina mbili, mmoja kwa maji yetu yaliyochemshwa na kutoneshwa, mwingine kwa maji ya kisima chenu. Vingine vyote nilivifanya sawasawa, sukari ileile, chungu kilekile cha mvuke. Nikapanda miche ndugu, iliyokatwa kwenye shina moja, nikaiweka chini ya taa moja.

Ndugu yangu, ungeiona! Miche ya maji ya kisima imeipita ya kwetu kwa mbali. Mizizi imejaa chupa, myeupe kama uzi mpya, na majani yamesimama. Muosha chupa wetu aliuliza nimewapa nini, nikamwambia maji ya nyumbani kwa mdogo wangu. Akasema na yeye anataka kopo.

Daktari ametazama, amesema inaelekea kuna lanthani kidogo ndani ya maji hayo, kile kiasi kinachochochea mizizi. Kwa hiyo chumvi imo, ila ni kidogo, na miche imeipenda.

Mimi najua mche tu. Lakini kama kitu kichanga kama hiki, kisicho na ganda wala ngozi ya maana, kimelowa ndani ya maji hayo wiki zote hizo na kimestawi, sioni cha kuogopa. Mwambie wifi apumzike na kilima.

Dada yako

*

16 Aprili

Dada,

Usiulize furaha ya huku. Barua yako niliisoma jioni pale kisimani watu wakiwa wamejaa. Nilipofika penye "myeupe kama uzi mpya" wanawake walipiga vigelegele. Msimamizi wa zamu aliniomba barua, akaipeleka kwa meneja, na sasa nakala yake imebandikwa kwenye ubao wa langoni. Jina lako sasa ni Dada wa Maabara. Watu nisiowajua wananisalimu.

Aliyekataa ni Mkunga peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kanga yake vizuri, akaniambia mbele ya watu, "Dada yako anazalisha migomba. Mimi nazalisha watu." Vijana wakamzomea. Mmoja akamwambia, "Mama, na sisi tumechoka kupandishwa kilima kila siku." Akachukua ndoo yake, akaenda zake chemchemi peke yake. Nilimwonea huruma kidogo, lakini mtu mzima naye ajue kushindwa.

Wifi yako sasa anateka hatua chache tu kutoka mlangoni. Miguu imepungua kuvimba. Mtoto anacheza sana, hasa nikirudi kutoka kazini na harufu ya masinia. Chiriku anamwekea sikio na kunitafsiria anachosema. Jana alisema anaomba baiskeli.

Asante, Dada. Sijui niseme nini zaidi.

Mdogo wako

*

2 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zetu kwenu nyote. Mama alipata homa mwezi uliopita, sasa anakula. Amefuma kofia ya pili, hii ina kipimo cha mtu. Nahesabu wifi yuko miezi ya mwisho, na naomba uisome barua hii kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Waache kunywa maji ya kisima. Wifi aache leo.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa. Miche ikijaa chupa tunaihamishia kwenye chupa mpya zenye uji mpya. Ile ya kisima niliihamisha baada ya kukuandikia, nikaipa tena uji wa maji yenu. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kisha ncha za mizizi zikageuka kahawia, zikaacha kurefuka. Nilifikiri nimechafua chupa. Nikarudia. Ikawa vilevile. Nikahamisha mara ya tatu, majani yakawa manjano katikati ya mishipa, na vijicho vipya havikutoka kabisa. Sasa sehemu kubwa imekufa. Ya maji yetu iko rafu ileile, mizima.

Kwenye chupa za Daktari zenye chumvi kidogo imekuwa hivyohivyo. Mche unaibeba chumvi hiyo kutoka chupa moja hadi nyingine, hauitoi. Kile tulichokiona Machi tulidhani ni kushiba, kumbe mche ulikuwa unachokozwa. Nilipomuuliza Daktari kuhusu watu, aliniuliza, "Nani alikwambia miche hii inapima maji ya kunywa?" Hajui hayo maji yana nini zaidi ya lanthani, na bwawa la kiwanda haliwezi kukosa vingine.

Ncha za kahawia niliziona mara ya kwanza mwezi Mei. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu nilitaka kuwa na hakika. Ndivyo tunavyofundishwa, jambo ukiliona mara moja hujaliona. Kila jioni nikiandika shajara yangu nilikuwa naandika, "Kesho nitamwambia, miche ikirudia kufa." Sasa nina hakika.

Iondoe ile barua langoni. Nijibu upesi.

Dada yako

*

5 Agosti

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Dereva wa lori anasema barua yangu alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukamwambia hakuna majibu. Nimemuuliza kama alimwona wifi. Anasema alipita nyumbani, mlango ulikuwa umefungwa.

Kwa hesabu yangu amejifungua au yuko mbioni. Mama anauliza ni wa kike au wa kiume, na anaitwa nani. Kofia ziko tayari zote mbili. Nimemwambia posta ina matatizo.

Hata ukiwa umenikasirikia, andika neno moja.

Dada yako

*

28 Agosti

Dada,

Posta haina matatizo.

Barua yako ya Julai niliipokea langoni, chini ya ile nyingine. Niliitazama iliyobandikwa, nikaitazama niliyoishika, mwandiko mmoja. Kisha nikaiweka mfukoni nikaingia zamu. Nimekaa nayo mpaka leo. Utaniona mtu mbaya, lakini kwanza jua kwamba ilipofika haikuwa na wa kumwokoa.

Alikuwa wa kiume. Alizaliwa katikati ya Juni, miezi haijatimia. Hakulia. Mkunga ndiye aliyeitwa, na alikuja mbio bila hata viatu, ingawa alikuwa ameapa. Alimfuta, akamfunga, akamweka mikononi mwa mama yake, akakaa nao mpaka jua lilipotoka. Nilimuuliza mlangoni kama ni yale maji. Akasema, "Baba, leo usiniulize. Leo kamata koleo ukachimbe." Hajasema ni maji. Hajasema si maji.

Umeandika kwamba uliona Mei. Mei, Dada. Mei alikuwa anacheza. Chiriku alikuwa anaongea naye. Ungeniandikia, "Nimeona jambo sina hakika nalo," ningemrudisha kilimani siku hiyohiyo, hata kama mngeniambia kesho yake kwamba mlikosea. Nani alikuomba hakika? Machi hukuwa nayo, mbona uliandika?

Nimelisema, limetoka. Sitalirudia.

Nami nina langu. Nilikunja barua yako kwa sababu nyumba zote za mstari huu zinakunywa kwa mdomo wangu. Nikisema ni sumu, nitawatazamaje? Nikawa najiambia mtoto wetu ni bahati mbaya, mimba huharibika. Wiki jana mke wa fundi wa mitambo naye amempoteza wa kwake. Nilibeba jeneza dogo la pili, na wakati nalibeba barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Niandikie nyingine. Usiniandikie mimi, waandikie wao. Iwe fupi, mtoto wa shule aielewe. Nitaisoma palepale nilipoisoma ile.

Wifi yako hajambo kwa mwili. Hasemi sana. Usimwambie Mama bado, au mwambie, sijui. Wewe ndiye unayekaa naye.

Mdogo wako

*

9 Septemba

Kwa majirani wa mdogo wangu, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho,

Nawasalimu wote, wakubwa na wadogo. Mimi ndiye niliyeandika barua iliyo kwenye ubao wa langoni. Naandika kuifuta.

Nilipanda miche kwenye maji ya kisima chenu. Mwanzoni ilistawi, nikasema maji ni mazuri. Nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza, miche ile iliendelea kukaa kwenye maji hayo na ikafa, mizizi kwanza, kisha majani. Kosa la pili, mche si mtu. Hata ingestawi mpaka leo, sikuwa na haki ya kusema chochote kuhusu tumbo la mwanadamu, na Mkunga wenu alisema kweli.

Sijui maji hayo yanafanya nini ndani ya mtu. Hapa kwetu hakuna anayejua. Asiyejua hapaswi kumwambia mwenzake anywe. Msiyanywe, msiwape watoto, na waja wazito wasiyapikie hata chakula. Dumu lingine la maji hayo, nililomwagiza dereva wa lori, nimelipeleka kwenye maabara ya serikali. Wamelipokea, hawajaniambia lini watajibu.

Waliopoteza watoto, sina neno la kuwatosha. Nimepoteza mmoja nanyi.

Dada wa Maabara

(Mdogo wangu, hii chini ni yako, usiisome kwa watu. Nimemwambia Mama. Amefumua kofia zote mbili, uzi ameukunja na kuuweka. Mlete Chiriku akae nasi. Nafasi ipo.)

*

3 Oktoba

Dada,

Barua hii anakuletea mwenyewe Chiriku. Anasafiri na Mkunga, anayekwenda kumwona mwanawe huko kwenu. Nauli ya mtoto ameikataa. Amesema atamshika mkono mpaka mlangoni kwako, na anataka akutazame usoni mara moja tu.

Barua nimeisoma. Palepale, jioni, watu wakiwa na ndoo. Mke wa fundi wa mitambo aliketi chini. Msimamizi alikuja akasema barua hii haina mhuri wa ofisi yoyote, haiwezi kubandikwa. Mkunga akamuuliza, "Na ile ya kwanza mhuri wake ulikuwa wapi, baba?" Akasema ile ilikuwa imepitishwa na meneja. Kijana mmoja, yuleyule aliyemzomea Mkunga, akaniuliza, "Kaka, na Aprili uliposoma ulikuwa huna hakika vilevile?" Nikamwambia ndiyo. Akatema mate pembeni. Alinistahi, angeweza kuyatema mbele yangu.

Asubuhi mstari mzima ulipanda kilima. Wanaume pia, walio nje ya zamu. Ungefurahi kuwaona. Siku iliyofuata wakawa nusu. Mvua ikaja, njia ikawa utelezi, mzee mmoja akavunjika nyonga. Chemchemi yenyewe ni ndogo, mnangoja kujaza ndoo mpaka jua linachomoza na zamu zimeanza. Kabla wiki haijaisha nilisikia mnyororo wa kisima unalia. Nikatoka. Walikuwa wameinama, hawakunitazama. Ningewaambia wakateke wapi? Barua inajua maji mabaya yako wapi, haijui mazuri yako wapi.

Juzi niliporudi nilikuta ndoo yetu imejaa. Nilimuuliza wifi yako ameteka wapi. Akasema, "Unajua nimeteka wapi." Nikanywa, Dada. Nilikuwa nimetoka kwenye masinia, koo limekauka, nikanywa vikombe viwili.

Tangu jana wamenihamishia bwawani, kupalilia kingo. Majani ya pale ni marefu kunipita.

Tungeweza kuhama, wewe na Mama mtasema hivyo. Wifi yako hataki kuacha kaburi. Nami sitaki kuonekana nimepakia vyombo usiku baada ya kuwanywesha wenzangu. Tunabaki, mpaka hiyo maabara ya serikali ijibu, au mpaka lolote. Chiriku abaki kwako hata tukisema tunamtaka. Hata mimi nikiandika kwa mkono wangu kwamba arudi, usimrudishe.

Ni mtoto msikivu, ila anaongea usingizini. Akizungumza na mdogo wake usimwamshe. Anapenda kukaa dirishani.

Basi linapita alfajiri na ndani hatukuwa na maji mengine, kwa hiyo mama yake amemjazia chupa ya safari kisimani. Nimemwambia ni ya kunawa tu, asiyanywe, na ameniahidi. Lakini safari ni ndefu na yeye ni mtoto. Ukikuta yamepungua, usimgombeze.

Mdogo wako